Nilipoungama Dhambi ya Mama

Harufu ya pasi ya moto ikipita juu ya kitambaa cha pamba kilichonyunyiziwa maji hunirudisha Satwa, hata nikiwa nimesimama jikoni kwangu nawaza mambo mengine kabisa. Watu wa rika langu waliokulia Dubai hutaja udi, hutaja chai ya karaki, hutaja shawarma za barabarani. Mimi ni pasi. Wiki iliyopita nilikuwa nikimpigia binti yangu pasi gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza, na mvuke ulipopanda tu nikawa tena na miaka tisa, nimekaa juu ya furushi la vitambaa chini ya meza ya Mama, nasikiliza maneno ya watu wazima yasiyonihusu na kuyaelewa visivyo. Nilikuwa mtoto mdaku. Nasema mapema ili msije mkanihurumia bure.

Mama alikuwa fundi cherehani katika kiduka cha kushona sare, kati ya gereji ya viti vya magari na duka la juisi. Arbab wake, yaani tajiri mwenye duka, mzee wa Kipakistani mwenye ndevu nyekundu za hina, alimruhusu kutumia mashine kwa kazi zake mwenyewe Alhamisi jioni, mradi afagie kabla ya kufunga. Tuliishi mtaa wa nyuma, katika chumba kimoja cha villa kuukuu yenye mkunazi uani. Familia nne tuligawana jiko moja, na kila familia ilikuwa na kabati lake lenye kufuli, maana undugu ni undugu lakini sukari ni sukari. Chumba chetu kiligawanywa na pazia la maua ya zambarau. Upande mmoja walilala Baba na Mama, upande mwingine nililala mimi na kiyoyozi kilichonguruma usiku kucha. Baba alikuwa msimamizi wa walinzi katika jengo refu kule Marina, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa kuliko vioo vya jengo lenyewe.

Sikuzaliwa pale. Miaka sita ya kwanza nililelewa kwetu Ukambani na Aunti Ndunge, mdogo wake Mama, wakati wazazi wangu wakitafuta maisha. Ndunge ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu na kupiga ishara ya msalaba, na alikuwa akinibeba mgongoni hata nilipokuwa mkubwa kiasi cha miguu yangu kugonga ndoo aliyoshika. Nilipoletwa Dubai nililia wiki nzima nikimtaka yeye, mpaka Mama naye akalia, na sasa najua ni kwa sababu tofauti. Kisha, mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, simu ilikuja kwamba Ndunge amekufa. Niliambiwa aliumwa na tumbo. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila nikivimbiwa na maharage nilidhani zamu yangu imefika.

Dubai ya siku hizo Jumapili ilikuwa siku ya kazi, kwa hiyo sisi tulisali Ijumaa. Baada ya Misa jumuiya yetu ndogo ilikutana chumbani kwetu: wanawake sita au saba kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, wamebanana juu ya kitanda na vigoda, rozari kwanza, chai baadaye. Mwenyekiti alikuwa Mama Filo, msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli moja, mwanamke mwenye sauti ya kengele ambaye ndiye aliyemtafutia Mama kazi. Alitoka kijiji cha jirani na chetu. Bintiye, Filo, alikuwa darasa moja nami la katekisimu, na alikuwa akinishinda kila kitu isipokuwa kukimbia.

Jumuiya ilikuwa na desturi moja ambayo nadhani ni wahamiaji tu wangeweza kuibuni. Anayekwenda nyumbani likizo hubeba vya wote. Viatu vya mzee wa fulani, sabuni za dada wa fulani, picha, dawa ya kuchua magoti, vyote hupimwa na kushindiliwa katika sanduku moja, naye hukubali bila kunung'unika kwa sababu zamu ya kubebewa nayo itakuja. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Kupigia kura Dubai hakukuwapo, sharti urudi pale ulipojiandikisha. Wenye kadi za kura za jimbo letu walikuwa wawili, Mama na Mama Filo, na ni Mama peke yake aliyepata likizo Desemba. Basi Mama Filo aliona ni jambo la wazi kwamba kura nayo ni mzigo wa jumuiya kama sabuni.

"Barua imetoka parokia ya nyumbani," alisema Ijumaa moja, akavaa miwani. Mimi na Filo tulikuwa chini ya meza tukigawana kashata. "Wanasema Mkatoliki asimpe kura mtu anayekubali mimba zitolewe. Sasa hapo si hakuna mjadala? Ni Mheshimiwa. Mama Mwende, ukifika kule umpigie kwa niaba yetu sote. Khalas."

Mheshimiwa alikuwa mbunge wetu, Mkatoliki, aliyeezeka kanisa mabati mapya na ambaye kila akisimama jukwaani alisema uhai ni mtakatifu. Aliyeshindana naye tulimwita Daktari tu, mama wa makamo aliyetibu watu wilayani kwetu miaka mingi.

Mama aliweka chupa ya chai chini. "Mimi nitampigia Daktari."

Hata sisi chini ya meza tuliacha kutafuna.

"Daktari gani? Huyu anayetaka watoto watolewe?"

"Anataka msichana akifika anavuja damu apokelewe, si aulizwe kwanza maswali ya polisi."

"Na amesema sheria ilegezwe! Kaka yangu alikuwa kwa mkutano, aliniwekea simu nikasikia na masikio yangu."

"Amesema," Mama alikiri. "Hapo mimi naye hatupatani. Lakini Mheshimiwa anasema uhai ni mtakatifu mwaka wa ngapi huu, na zahanati haina hata glavu?"

"Glavu zitanunuliwa siku moja, dada. Mtoto akishatolewa hanunuliki."

Mama Filo alivua miwani, na sauti yake ya kengele ikashuka kabisa. "Huyu Filo mnayemwona hapo chini anakula kashata zenu, mimi niliambiwa na daktari nimtoe. Nikaambiwa ama yeye ama mimi. Nikasema basi tutakwenda wote. Na tuko wote." Akamtazama Mama. "Wewe utampigia huyo mtu kura, halafu Komunyo utapokeaje?"

"Chai inapoa," Mama akasema.

Filo alinitazama kama mtu aliyegundua ana thamani. Mimi nilielewa kitu kimoja tu, na nilikielewa kwa uhakika wote wa mtoto wa miaka tisa: ukimpigia Daktari kura hupokei Komunyo, kama vile ukila kabla ya Misa hupokei. Ilikuwa kanuni. Katekista wetu alipenda sana kanuni.

Ijumaa iliyofuata Mama hakupokea. Benchi letu lilipoinuka yeye alikunja miguu pembeni ili watu wapite, akabaki ameinamisha kichwa. Kanisa lilikuwa limejaa mataifa yote, Wafilipino, Wahindi, Walebanoni, na nina hakika hapakuwa na mtu aliyejali. Lakini mimi nilihisi macho ya dunia nzima yako kwenye benchi letu. Mama Filo alipita akamgusa bega. Ijumaa ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kabla ya barua ile nadhani pia alikuwa akikosa mara kwa mara, lakini wakati huo sikuwa na sababu ya kuangalia.

Na katekista akatangaza kwamba siku ya Komunyo ya Kwanza kila mtoto ataongozana na wazazi wake, baba kulia na mama kushoto, na wote watatu watapokea pamoja. Tulifanya mazoezi ukumbini kwa biskuti za chumvi. Mimi nilitembea na nafasi tupu kushoto kwangu, kwa sababu Mama alikuwa kazini. Gauni langu lilikuwa tayari linashonwa. Nililiona kila Alhamisi likikua mezani, mikono ya puto, mshipi wa satini, na nilijua kwamba nitalivaa nikiwa na mama aliyeketi.

Siku moja alasiri, Baba akijiandaa kwa zamu ya jioni, niliwasikia ng'ambo ya pazia.

"Si uende tu ukaungame," Baba alisema, akipiga viatu brashi. "Sema hutampigia. Ukifika kule, wewe na karatasi yako, nani anakuona?"

"Mungu naye amechukua likizo?"

"Basi usiende. Tubadilishe tikiti, uende mwezi wa nne, uchaguzi umeshapita, kila mtu ana amani."

"Asiyekuwapo na lake halipo, Baba Mwende."

Brashi ikasimama. "Na mtoto je? Atatembea na mimi peke yangu kama yatima?"

Mama akasema, "Siwezi kutubu jambo ninalojua nitalifanya. Na usinitajie Mwende."

Usiku ule nililifikiria jambo hilo kwa makini kuliko nilivyowahi kufikiria hesabu. Mama hakuweza kuungama kwa sababu hakuwa tayari kujuta. Lakini mimi nilikuwa tayari kujuta kiasi chochote. Nilikuwa na kitubio changu cha kwanza Ijumaa ya wiki ile, na dhambi zangu mwenyewe zilikuwa chache za kutia aibu. Katekista alikuwa ametuambia tuziandike kwenye karatasi tusije tukazisahau kwa woga. Nilikuwa na tatu: kuiba kashata, kumwita Filo pua la ndizi, na kusikiliza nyuma ya pazia. Nikaona nafasi ipo. Nikaandika ya nne.

Mapadri walikaa kwenye viti vya plastiki kila pembe ya ukumbi, na watoto tulijipanga. Mimi niliruka mstari mfupi nikaenda kwa Padri Mzee. Alikuwa Mhindi mwembamba aliyefanya umisionari Tanzania ujana wake wote, na ndiye aliyetusomea Misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi, kwa Kiswahili safi kilichotuaibisha sisi Wakenya. Nilipiga magoti, nikasoma karatasi yangu bila kupumua. "Na mama yangu atampigia Daktari kura," nikamalizia. "Kwa dhambi hizi zote najuta sana."

Padri Mzee alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja. "Hiyo ya mwisho ni dhambi ya nani, mwanangu?"

"Ya Mama."

"Mama amekutuma?"

"Hapana, Padri. Ana kazi nyingi."

Alikohoa kwenye kitambaa chake kwa muda. "Ameshapiga hiyo kura?"

"Bado. Ni Desemba."

"Kumbe. Dhambi haijazaliwa, nawe umeshaileta kubatizwa." Kisha akaona uso wangu, akaacha mzaha. Aliniinamia mpaka nikasikia harufu ya mafuta ya mikaratusi. "Sikiliza. Hapa hatufui nguo za jirani. Kila mtu huja na zake, maana ni yeye tu anayejua zimechafuka wapi. Wewe unaweza kudhani doa liko kwenye kola, kumbe liko kwenye mfuko. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikuelewa hata chembe.

"Zako tatu zimesamehewa. Sali Salamu Maria tatu. Na moja zaidi kwa ajili ya mama yako. Si kwa ajili ya kura yake, kwa ajili yake. Na hili sitamwambia mtu, mimi hapa ni kaburi. Wewe ukitaka kumwambia, shauri lako."

Mimi kunyamaza sikujaliwa. Alhamisi iliyofuata nilisimama juu ya kigoda dukani, gauni limenikaa mwilini, Mama amepiga magoti akipima upindo na pini zimejaa midomoni. Pasi ilikuwa ikipoa pembeni, na harufu ile ya pamba iliyochemka ilijaa chumba. Nikamwambia, kwa majivuno, kwamba asiwe na wasiwasi tena, nimeshamwungamia dhambi yake na sasa anaweza kupokea nami.

Mama alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake wa pini. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni kati ya vipande vya nyuzi, na nikacheka naye, nikidhani mambo yamekwisha. Kisha nikaona kwamba hacheki tena.

"Umemwambia Padri dhambi yangu ni kura?"

"Ndiyo. Kumpigia Daktari."

"Mwende, kura si dhambi yangu." Alivuta upindo wa gauni, akaushika kwa mikono yote miwili. "Hilo nimelipima usiku na mchana. Mama Filo ana sababu yake, nami nina yangu, na Mungu ametusikia wote wawili. Siku nikisimama mbele yake nitamweleza bila kuona haya. Kinachonikalisha kwenye benchi ni simu."

"Simu gani?"

Sidhani alikusudia kuniambia. Nadhani maneno yalikuwa yamemjaa kama pini zile, na nilikuwa mtu wa kwanza kumuuliza. Aliniambia kwamba Ndunge alikuwa amepata mimba na mwanamume akamkimbia. Ndunge alimpigia simu, analia, akasema amepata mwanamke wa kumsaidia kuitoa. "Nikamwambia ukithubutu, usinipigie tena. Nikakata. Hakuniomba nimkubalie, Mwende. Aliniomba nizungumze naye. Nikakata simu, nikarudi kushona." Alifuta uso kwa kiganja. "Alikwenda kwa yule mwanamke. Akavuja damu siku mbili nyumbani, akiogopa hospitali, akiogopa polisi. Na kunipigia hakunipigia, kwa sababu nilimkataza. Alipofika kwa Daktari alikuwa amekwisha. Daktari alimshika mkono mpaka mwisho. Mtu baki ndiye aliyemshika mkono."

Nilikuwa bado juu ya kigoda. Nilimwuliza swali ambalo mtoto yeyote wa katekisimu angeuliza, kwa nini basi hakwenda kuungama hilo.

"Kwa sababu nitasamehewa," alisema. "Nitapewa Baba Yetu tatu na Salamu Maria, halafu iwe imekwisha. Mimi sijataka ikwishe."

Akarudisha pini midomoni, akaendelea kupima upindo. Mpaka leo sijaona upindo ulionyooka kama ule.

Siku yenyewe ilifika na joto lake la Novemba, lile linalokuwa limepunguza ukali na watu wanatoka nje kama waliofunguliwa gerezani. Gauni lilikuwa zuri kuliko la Filo, na Filo alilijua hilo. Nilipangwa katikati, Baba kulia kwangu na suti ya kuazima. Wimbo ukaanza na benchi letu likainuka. Niliangalia mbele ili nisione nafasi tupu upande wa kushoto. Ndipo nikahisi mkono mgongoni. Mama alikuwa amesimama.

Alitembea nami mpaka mbele, lakini mikono yake ameikunja kifuani, kiganja cha kulia begani kushoto na cha kushoto begani kulia, kama wanavyofanya wasiopokea wanaokwenda kuomba baraka tu. Nilipokea. Baba akapokea. Padri Mzee alipomfikia Mama aliweka mkono juu ya kichwa chake akauacha pale, na mstari wote nyuma yetu ukasubiri, watoto thelathini na mabinamu wao na kamera zao. Mpiga picha alitupata wakati huohuo. Picha ninayo, na watu wakiiona huuliza kama mama yangu alikuwa anahisi baridi.

Desemba aliondoka na sanduku la jumuiya. Mama Filo alilishindilia mwenyewe, akalikalia ili lifunge, akamkumbatia Mama kwenye ngazi za villa na kumwambia, "Viatu vya baba yangu usisahau. Hiyo nyingine, utajua na Mungu wako." Kura ilikuwa mzigo wa kwanza ambao jumuiya ile ilimwachia mtu aubebe peke yake.

Machafuko yaliyotokea nyumbani baada ya uchaguzi ule kila mtu wa rika langu anayajua, na sitayarudia. Kwetu hakukuwaka sana, lakini barabara zilifungwa na Mama alikwama. Baba alikesha na redio. Mama Filo alikuja kila siku baada ya kazi na sufuria la githeri na kadi za simu za kukwangua, akipiga, akikata, akipiga tena, mpaka laini ikapatikana siku ya nne. Aliposikia sauti ya Mama alimtukana kwa Kikamba kwa upendo mwingi. Hakumwuliza alimpigia nani. Daktari alishindwa, hilo tulilisikia redioni, na Mama Filo hakushangilia.

Mama alirudi mwisho wa Januari, amekonda, ananuka moshi wa kuni. Wino wa kura ulikuwa bado kwenye ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Alikuwa amesugua ngozi ikatakata, lakini ukucha hausikii sabuni, ni mpaka uote. Ijumaa ya kwanza tulikwenda kanisani mapema sana. Mama alijipanga kwenye mstari wa Padri Mzee, na alikaa ndani ya kiungamio muda mrefu kiasi kwamba Wafilipino wawili nyuma yake walihamia mstari mwingine. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na alitembea polepole, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana na bado hajaamini.

Wakati wa Komunyo aliinuka. Nilikuwa mbele yake, nikageuka kutazama, jambo ambalo katekista angenichapa kwalo. Alinyoosha mikono, kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, akapokea. Ukucha wenye wino ulikuwa pale pale chini ya hostia, na hakuuficha.

Ndani ya basi la kurudi Satwa sikuweza kuvumilia. "Ulimpigia nani?"

"Daktari."

"Na Padri alikusamehe kumpigia?"

"Sikumwuliza habari za kura. Nilimpelekea simu." Alinivuta nikamlalia. "Nilikaa kaburini kwa Ndunge asubuhi nzima. Nikaona nimekataa kusamehewa ili nibaki namshika. Kumbe nilikuwa nimeshika simu tu, si yeye."

Hapo simu yake ya mkononi ikalia. Mama alikuwa na sheria kali kwamba Ijumaa, ambayo kule Dubai ndiyo ilikuwa Dominika yetu, simu haipokelewi mpaka chai ya jumuiya iishe. Baba, aliyekaa kiti cha nyuma yetu, alimkumbusha. Mama aliangalia namba. Ilikuwa ya nyumbani, namba tusiyoijua, na baadaye nilikuja kufahamu kwamba katika wiki zile za kukwama alikuwa amegawa namba yake kwa wasichana wa kijiji kizima, akiwaambia wapige saa yoyote. Walipiga miaka yote hadi alipofariki. Aliwaambia kile alichokiamini, wala hakukibadilisha, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukatiwa.

Simu ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Nilisikia sauti ya msichana, nyembamba, akilia tu bila maneno. Mama aliweka simu sikioni kwa mkono wenye wino, akaziba sikio la pili ili kelele za basi zisimzuie.

"Nipo," alisema. "Lia kwanza. Ukimaliza useme. Mimi sikati, nipo."